Simu Yako Ni Ghala la Amana za Watu



Tunamshukuru Allah aliyetupa akili na akatufungulia milango ya elimu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin, Mwaminifu, miaka mingi kabla hajapewa utume.

Ndugu zangu, kaka na dada wa jumuiya yetu, nimeombwa niandike ukurasa wa mawaidha wa toleo hili. Kwa kuwa nasoma masomo ya Kiislamu, mnategemea niandike juu ya swala, au saumu, au adabu za mwanafunzi. Leo nitaandika juu ya simu. Msifikiri nimetoka nje ya dini. Nimeingia ndani yake kwa mlango ambao nilijigonga nao kichwa.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya Ramadhani, vijana wa mtaani kwetu walinikabidhi kazi ya kukusanya michango ya futari. Nilikuwa na daftari na simu. Ndani ya simu kulikuwa na orodha ya familia tulizotaka kuzisaidia: majina ya wajane, namba zao, idadi ya watoto wao, na kwa baadhi yao picha ya karangamuntu.

Alasiri moja nikitoka kutia udhu, nikapata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa ndugu yetu mmoja tunayeswali naye. Aliandika kwamba ametuma namba sita kwenye simu yangu kwa makosa, na akaniomba nimrudishie upesi kwa sababu ana haraka. Kweli, namba sita zilikuwa zimeingia kwa meseji. Iqama ilikuwa inakaribia. Nikazinakili, nikamtumia, nikazima sauti, nikaingia msikitini.

Nilipotoka, WhatsApp yangu ilikuwa imefungwa. Yule hakuwa ndugu yetu. Yeye mwenyewe alikuwa ameibiwa asubuhi ile kwa njia hiyo hiyo. Namba sita zile zilikuwa ufunguo wa kuifungua WhatsApp yangu katika simu ya mtu mwingine. Nikiwa bado nimesimama kwenye ngazi za msikiti, simu zikaanza kulia. Watu walikuwa wakiniuliza: "Mama yako amelazwa hospitali gani?"

Mama yangu alikuwa nyumbani akichambua maharage.

Mwizi aliwaandikia watu niliokuwa nao kwenye makundi kwamba nina mgonjwa na nahitaji pesa, akawapa namba ya kutumia. Wengi walishtuka wakapiga kwanza. Watatu walituma. Mmoja wao ni mama wa Buyenzi anayeuza maandazi asubuhi, ambaye sisi vijana tunamwita Mama Mdogo. Alituma franka elfu 40, pesa ya upatu ambayo kesho yake ilikuwa impe mwenzake. Nilipokwenda kwake usiku kumweleza, hakunilaumu. Alisema tu: "Nilituma kwa sababu ni wewe, mwanangu. Si wewe unayetushikia pesa za futari?"

Maneno hayo hayajaniacha mpaka leo. Yule mwizi hakuchukua hata franka moja yangu. Alichukua uaminifu wangu, akaenda nao sokoni, akanunulia pesa ya Mama Mdogo.

Ndugu zangu, tumezoea kusema, "Mimi ni mwanafunzi tu, sina kitu, mwizi ataniibia nini?" Basi tazama simu yako vizuri. Mna namba za watu mia mbili wanaokuamini. Mna picha za dada zako. Mna sauti ya mzee wako akieleza mambo ya shamba la ukoo. Mna karangamuntu ya mtu uliyemsaidia kujaza fomu. Mna memwari ya rafiki yako aliyokupa uipitie. Hivi vyote si vyako, umewekewa. Na Qur'ani, katika aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, inatuamrisha tuzifikishe amana kwa wenyewe. Huwezi kumfikishia mtu kitu ambacho umeacha kiibiwe.

Nilimwendea ustadhi wetu wa fiqhi nikamuuliza: je, nadaiwa pesa ya Mama Mdogo? Hakunijibu kwa haraka. Alinifungulia mlango wa wadi'a, yaani kitu unachowekewa na mwenzako ukitunze, katika Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), kitabu ambacho sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafii tunakijua. Akaniambia nisome kwanza, kisha turudi kwenye swali langu. Niliyoyasoma ndiyo ninayotaka kuwagawia.

Wanazuoni wanasema mwenye kuwekewa amana mkono wake ni mkono wa uaminifu. Kitu kikipotea bila kosa lake, halipi. Nyumba ikiungua kwa radi, au wezi wakivunja mlango uliofungwa, hadaiwi. Lakini akizembea, analipa. Na mojawapo ya mizani ya uzembe ni neno hili: hirzi. Hirzi ni mahali ambapo watu kwa desturi yao hutunza kitu cha aina ile. Hirzi ya mbuzi ni zizi. Hirzi ya dhahabu ni sanduku lenye kufuli, ndani ya chumba kilichofungwa. Mtu akikupa mkufu wa dhahabu ukaufunga zizini pamoja na mbuzi, hata ukiapa kwamba ulikuwa na nia njema, utaulipa. Nia njema haigeuzi zizi kuwa sanduku.

Sasa jiulizeni: hirzi ya simu ni ipi? Hirzi ya barua pepe ni ipi? Kwa desturi ya watu wa zama hizi, vitu hivi hutunzwa vipi? Mimi nilikuwa na orodha ya wajane ndani ya simu isiyo na namba ya kuifungulia. Namshukuru Allah kwamba mwizi yule hakuipata, kwa sababu kuiteka WhatsApp kwa namba sita hakumpi mazungumzo ya zamani yaliyobaki ndani ya simu yangu. Lakini kama ningeibiwa simu yenyewe ndani ya basi la Kinama, angekuwa na kila kitu kabla basi halijafika kituo cha pili. Nilikuwa nimefunga dhahabu zizini.

Basi nitaje hirzi, kwa ufupi, kama nilivyofundishwa na ndugu zetu wanaosoma kompyuta.

Kwanza, simu iwe na namba ya kuifungulia, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, wala 1234. Hili kila mtu analijua na wengi hawalitendi.

Pili, laini yenyewe iwe na namba yake ya siri. Wengi hatulijui hili. Simu yako inaweza kuwa imefungwa kabisa, lakini mwizi akaitoa laini, akaitia katika simu yake, na meseji zote za kuthibitisha zikaingia kwake. Katika mipangilio ya simu kuna mahali pa kuifunga laini. Ukiikosea namba hiyo mara tatu laini hujifunga na kudai namba ya PUK, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwenye kadi uliyonunulia laini. Kwa hiyo usiitupe kadi hiyo.

Tatu, WhatsApp ina uthibitishaji wa hatua mbili. Ukiuwasha, unachagua namba sita nyingine unazozijua wewe peke yako. Hata mtu akikulaghai ukampa zile za meseji, bado atakuta mlango wa pili umefungwa. Kuuwasha kunachukua muda mfupi kuliko kutia udhu. Kama ningekuwa nimefanya hivyo, Mama Mdogo angekuwa na pesa yake.

Nne, barua pepe yako iwe na neno la siri lisilotumika mahali pengine popote. Barua pepe ndiyo mama wa milango yote, kwani ukisahau neno la siri la kitu chochote, wanakutumia njia ya kulibadilisha huko. Neno la siri liwe refu: maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo ni wewe tu unayejua kwa nini umeyaweka pamoja. Ukishindwa kuyakumbuka yote, tumia programu ya kutunzia maneno ya siri, au yaandike kwenye daftari ukalifungia nyumbani. Daftari lililofungiwa kabatini ni hirzi bora kuliko neno moja unalotumia kila mahali, kwa sababu siku neno hilo likivuja sehemu moja, milango yako yote iko wazi.

Hayo ni makufuli. Lakini mimi sikuvunjiwa kufuli, nilifungua mwenyewe. Na hapa ndipo penye jambo la pili, nalo ni kuhakikisha.

Aya ya 6 ya Suratul-Hujuraat inatutaka tuchunguze habari tunayoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajutia tulichofanya. Nimeihifadhi aya hii tangu madrasa. Siku nilipoihitaji nilikuwa na haraka. Na walaghai wote, ukiwachunguza, wanauza bidhaa hiyo hiyo moja: haraka. "Tuma sasa hivi." "Akaunti yako itafungwa leo." "Mgonjwa yuko mlangoni kwa daktari." Ndugu zetu wa Tanzania wanaujua sana ule ujumbe usemao pesa ile itumwe kwenye namba hii nyingine, usiotaja jina la mtu. Mlaghai hajui kama wewe una deni la pesa kwa mtu yeyote. Anarusha nyavu kwa maelfu, akitegemea kwamba mmoja wao asubuhi ile alikuwa kweli anataka kumtumia pesa mwenye nyumba au fundi, na kwamba hatasimama kuuliza.

Hapa Bujumbura kuna ulaghai mwingine mnaoujua. Meseji inaingia inayofanana na za Lumicash, ikisema umepokea franka kadhaa. Dakika moja baadaye mtu anapiga simu akilia kwamba amekosea namba, anakuomba umrudishie kwa ajili ya Allah. Wewe, kwa kuogopa kula haramu, unarudisha, kumbe hakuna kilichoingia; meseji iliandikwa na yeye mwenyewe. Uchamungu wako ndio aliokunasia. Dawa yake ni kutazama salio, si meseji. Na kama pesa imeingia kweli kwa makosa, hiyo si yako, huna ruhusa ya kuila. Lakini irudi kwa njia ya kampuni yenyewe, kwa kupiga namba yao ya huduma, si kwa kumtumia mtu usiyemjua.

Kuna kizuizi kimoja kinachotufanya tusihakikishe, nacho ni haya. Tunaona kwamba kumpigia simu mzee aliyekuandikia, au kiongozi wa jumuiya, ukamuuliza "Ni wewe kweli?", ni kumvunjia heshima. Basi kumbukeni kisa cha Abu Musa al-Ash'ari na Sayyidna Umar (Allah awe radhi nao), kilichopokewa katika Bukhari na Muslim. Abu Musa alibisha hodi kwa Umar mara tatu, hakuruhusiwa, akaondoka. Umar alipomuuliza sababu, akasema Mtume (s.a.w.) amefundisha hivyo: mtu akiomba ruhusa mara tatu asipewe, arudi. Umar akamtaka alete shahidi. Abu Musa ni Sahaba mkubwa, wala Umar hakumdhania uongo. Lakini jambo lilikuwa zito, akataka uhakika. Abu Musa hakusema ametukanwa. Alikwenda kwenye kikao cha Ansari, na Abu Said al-Khudri, aliyekuwa mdogo kuliko wote pale, akaja kushuhudia. Ikiwa Abu Musa aliulizwa shahidi, mimi na wewe ni nani hata tuone kuulizwa ni tusi?

Basi tuwekeane ada hii katika jumuiya yetu: ujumbe wowote unaotaja pesa au namba za siri, mpokeaji apige simu ya sauti kwanza, kwa namba anayoijua tangu zamani, si ile iliyomo ndani ya ujumbe. Na anayepigiwa ajibu kwa furaha aseme, "Jazakallahu khayran kwa kunilinda."

Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alikuwa na njia ya kuthibitisha. Alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kwamba wao hawasomi barua isiyo na muhuri. Akatengenezewa pete ya fedha iliyochorwa jina lake na utume wake, akawa anapigia muhuri. Na akawakataza watu wengine wasichore pete zao kwa maandishi yale. Fikirini juu ya katazo hilo. Masahaba walikuwa watu wake wa karibu, waliokuwa tayari kutoa roho zao kwa ajili yake. Hata hivyo muhuri ni mmoja, na mwenyewe ni mmoja. Baada yake pete ile ilivaliwa na Abu Bakr, kisha Umar, kisha Uthman, mpaka ilipomdondoka Uthman katika kisima cha Aris mjini Madina. Waliitafuta siku tatu, maji ya kisima yakatolewa, wasiipate. Siku tatu, kwa ajili ya pete! Sisi tunapeana neno la siri kama tunavyopeana chumvi. Likijulikana na watu wanane, hatuhangaiki hata dakika tatu.

Hapa naomba niwageukie wale ambao, pamoja na masomo, wanafanya kazi: katika sekretaria za kuchapisha, vibanda vya pesa za simu, maduka ya dawa, ofisi za madrasa na za misikiti. Mahali padogo pa kazi pana amana kubwa kuliko ukubwa wake.

Ingia sekretaria yoyote karibu na chuo. Kompyuta mbili au tatu, na kwenye uso wa kila moja yamelala mafaili ya watu: vyeti, karangamuntu, barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, picha za pasi. Mteja aliondoka miezi sita iliyopita, faili lake bado lipo, na kila anayekaa kwenye kiti kile analiona. Ewe ndugu unayefanya kazi hapo, jiwekee saa ya kufagia. Kama unavyofagia sakafu jioni, fagia na kompyuta: kilichokwisha kuchapishwa kifutwe, isipokuwa mwenyewe akikuomba umtunzie. Nasi wateja, tukifungua WhatsApp au barua pepe kwenye kompyuta ya watu ili tuchapishe, tutoke kabla hatujainuka. Ukisahau, ingia kwenye WhatsApp ya simu yako, sehemu inayoonyesha vifaa vilivyounganishwa, ukitoe kifaa kile. Fungua leo utazame. Huenda kuna kompyuta ya mtaa mwingine ambayo bado inasoma mazungumzo yako na mchumba wako.

Flashi nazo zinabeba virusi kutoka kompyuta hadi kompyuta kama mbu. Wangapi kati yetu wamefungua flashi wakakuta mafaili yote yamegeuka njia za mkato, na memwari haionekani? Kazi ya mwaka mzima isikae mahali pamoja. Iwe kwenye kompyuta, iwe kwenye flashi inayobaki nyumbani, na iwe kwenye barua pepe yako.

Na kompyuta za kazini zisasishwe. Mnamo Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Dawa ya udhaifu ule Microsoft walikuwa wameshaitoa tangu Machi mwaka huo huo. Wengi walioumia ni wale waliokuwa hawajaipokea. Tunapobonyeza "baadaye" kila siku, tunaiacha dawa mlangoni. Na tunapoweka programu iliyovunjwa kufuli tuliyopewa na mtu bure, tukumbuke kwamba aliyevunja kufuli la mwingine hana sababu ya kuliheshimu letu.

Jambo jingine la kazini ni kutumia neno moja la siri watu watatu, limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Tunadhani ni udugu. Lakini siku pesa itakapopungua, hakuna atakayejua nani aliingia, na shutuma zitamwangukia aliye mdogo, kijana aliyeanza kazi mwezi uliopita, ambaye hana wa kumtetea. Allah, katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ametuamrisha tuandike madeni na kuweka mashahidi, na akabainisha kwamba kufanya hivyo ni karibu zaidi na kuondoa shaka. Kila mfanyakazi kuwa na jina lake na neno lake la siri si kukosa kuaminiana. Ni kumlinda asiye na hatia. Ukiwa mwenye duka, hilo ni haki ya mfanyakazi wako juu yako.

Wala msidhani haya ni ya maskini tu. Oktoba 2020 nchini Uganda, wezi waliingia katika mfumo wa kampuni ya Pegasus Technologies, iliyokuwa ikiunganisha pesa za simu na mabenki, na baadhi ya miamala ya MTN, Airtel na benki ya Stanbic ikabidi isimamishwe kwa muda. Kampuni kubwa zilifikiwa kupitia mshirika wao. Vivyo hivyo mimi nilifikiwa kupitia ndugu ninayeswali naye, na Mama Mdogo akafikiwa kupitia kwangu. Udhaifu wa mmoja ni mlango wa wote.

Sasa nirudi kwenye kitabu. Katika mlango ule ule, Imam Nawawi anawagawa watu mafungu matatu. Asiyeweza kuitunza amana, ni haramu kwake kuipokea. Anayeweza lakini haiamini nafsi yake, ni karaha. Anayeweza na anajiamini, kwake ni jambo la kupendeza. Niliposoma fungu la kwanza nilinyamaza muda mrefu. Sikuwahi kujiuliza kama naweza kuitunza orodha ya wajane. Nilijiuliza tu nitaikusanya vipi.

Jumuiya zetu zinapenda kukusanya. Fomu ya kujiunga inauliza jina, namba, mtaa, jina la baba, picha, karangamuntu. Za nini? Kama huna haja ya karangamuntu, usiiombe. Kama futari imeshagawiwa, picha zifutwe. Orodha ya wahitaji isitumwe kwenye kundi la watu mia mbili ili "kila mtu aone tunavyofanya kazi." Aibu ya mjane ni amana pia. Kisichokusanywa hakiibiwi.

Na upande wa pili wa amana ni jicho. Mtume (s.a.w.) alimkuta mtu akichungulia nyumbani kwake kupitia tundu, akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Simu ya mwenzako ni nyumba. Kuishika akiwa ameenda kuswali ukapekua, kuhamisha picha kutoka flashi ya dada aliyekuja kuchapisha, kuingia kwenye barua pepe ya rafiki kwa sababu unajua neno lake la siri: hayo ndiyo yale yale ya tundu la mlango. Na kwa upande wa serikali, nchi yetu ina sheria ya Machi 2022 ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mtandaoni. Lakini muumini hangoji polisi ndipo afumbe jicho.

La mwisho ni hili: ukianguka, sema. Mimi nilipogundua, wazo la kwanza lilikuwa kunyamaza ili nisichekwe. Nilipoteza nusu saa katika wazo hilo, na Mama Mdogo alituma pesa ndani ya nusu saa hiyo. Kama ningepiga simu mara moja, ingewezekana kumwahi. Kwa hiyo mara tu ujue, wapigie watu, waandikie majirani, mtume rafiki atangaze kwenye makundi yote kwamba si wewe. Iandikishe upya namba yako kwenye WhatsApp. Namba sita mpya zikiingia kwako na ukaziingiza, mwizi anatolewa. Akiwa ameshaweka ile namba ya hatua ya pili, utangoja siku saba ndipo urudi kikamilifu, lakini yeye atakuwa ameshatoka. Kama pesa imetumwa, ipigie kampuni ya simu saa ile ile, na upeleke taarifa polisi ukiwa na meseji zote. Nasi tunaosikia tusimcheke. Tukimcheka wa leo, wa kesho atanyamaza, na wa keshokutwa ataibiwa.

Mtaniuliza, ustadhi alikujibu nini? Alisema pesa ile haikuwa wadi'a mkononi mwangu. Aliyeila ni mwizi, na deni liko shingoni mwake mpaka Siku ya Hesabu. Fatwa ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa. Kisha akanyamaza, akasema: "Lakini yeye alikutumia wewe." Nilimlipa Mama Mdogo kwa miezi minne, nikikata kwenye bursa yangu na kwenye pesa ya kufundisha watoto juzuu ya Amma. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea. Ramadhani ilipofika alikuja na mchango wake wa futari, akauweka mkononi mwangu kama kila mwaka. Sijawahi kushika noti zilizo nzito kama zile.

Mtume wetu alipohama Makka, wale wale waliotaka kumuua walikuwa bado wameweka amana zao kwake. Alimwacha Ali (r.a.) nyuma, katika mji wa hatari, ili azirudishe moja moja kwa wenyewe. Hatukuombwa kubaki Makka. Tumeombwa dakika kumi na simu zetu.

Basi kabla ya Magharibi ya leo, kila mmoja wetu afanye mambo matatu: aiwekee WhatsApp yake hatua ya pili, afute picha ya karangamuntu ya mtu mwingine iliyobaki ndani ya simu bila sababu, na akae na mzazi mmoja, wake au wa jirani, amwonyeshe kwa utulivu kwamba namba za siri haziombwi na mtu mwema. Hii ya tatu ina thawabu kubwa, kwani wazee wetu wanaibiwa kupitia majina yetu.

Ewe Mola wetu, tufanye miongoni mwa wanaochunga amana na ahadi zao. Tusitiri aibu zetu na utufanye tusitiri za wenzetu. Walipe kheri waliotuamini tukawaangusha, na utupe uwezo wa kuwalipa. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.